Nani Anazima Apdeti?

"Yusuph, jana jioni uliigusa kompyuta?"

"Niliigusaje? Nilikaa, nikapokea wateja, nikafunga duka. Basi."

"Sasa apdeti imezimwa na nani?"

"Labda umeme."

"Umeme ukikatika unazima kila kitu. Hauchagui."

Upande wa pili wa simu injini ya Canter ilikuwa inanguruma na mtu analalamikia matenga ya nyanya. Yusuph akasema mtandao wa Mombo unasumbua leo, akakata. Saumu aliitazama simu, kisha akakitazama kioo cha kompyuta. Kwenye kona, kile kingao chekundu cha kuonya kwamba apdeti imezimwa kilikuwa kimerudi kujianika, kama vile jana hakikufukuzwa.

Tuelewane mapema. Huu ulikuwa mwaka ule modemu zilipoanza kupanda milima, na steshenari ya Saumu, jirani na stendi ya Lushoto, ndiyo iliyokuwa na modemu inayoshika mtandao bila kutolewa nje juani. Watu walipanga foleni. Halafu kirusi kikaingia. Mwalimu Elinuru alileta flashi yenye mtihani wa Kidato cha Pili, akaondoka na flashi yenye vijifaili visivyofunguka. Katibu wa msikiti akapoteza ratiba ya madrasa. Mjini ikawa ni msemo: ukipeleka flashi kwa Saumu, vaa nayo sweta, maana itarudi na kikohozi.

Mwingine angefunga duka akauze karoti. Saumu alifunga kilemba.

Alimpigia Hezekia, fundi wa Mombo, naye akapandisha sidii ya dawa kwa konda wa basi dogo. Akamweleza kwa simu hatua kwa hatua. Kirusi cha aina ile, alisema Hezekia, hakianzi kuiba. Kinaanza kumfunga mlinzi kamba, na mlinzi ndiyo apdeti, yale marekebisho ambayo kompyuta inajiletea yenyewe kutoka mtandaoni. Kwa hiyo kwanza ua kirusi, ndipo umfungue mlinzi. Ukianza kwa mlinzi, kirusi kitamfunga tena ukiwa umegeuka.

Saumu alianza kwa mlinzi, kwa sababu ni Saumu. Kitufe kikagoma. Akarudi mwanzo, akachomeka sidii, akaiacha dawa ipekue kila chumba. Kisha akafungua ile orodha ndefu ya kazi za ndani za kompyuta, akautafuta mstari wa apdeti, akautoa kwenye "imezimwa" akauweka kwenye "otomatiki," akabonyeza "anza." Ikaanza. Akaipangia iwe inavuta marekebisho kila siku baada ya alasiri, kwa kuwa asubuhi wateja wamejaa na usiku anazima kila kitu. Kingao chekundu kikaondoka. Alikwenda nyumbani anatembea kama bibi harusi.

Kesho yake kingao kimerudi. Akawasha. Kesho kutwa, kimerudi. Akasafisha upya, akawasha. Leo tena.

"Dada Saumu," Hezekia alimwambia alipopigiwa, "ukibonyeza kuwasha, inagoma?"

"Haigomi. Inawaka mara moja."

"Basi kirusi kimekufa zamani. Kingekuwa hai, kitufe kingegoma. Kinachozima sasa hivi kina vidole."

Ufunguo wa duka walikuwa nao watu wawili tu, Saumu na Yusuph.

Yusuph alikuwa mchumba wake. Asubuhi alishusha mboga za Lukozi mpaka Mombo kwa Canter, mchana akirudi anakaa dukani ili Saumu akampikie mama yake. Kijana mpole, ana heshima mpaka inakera. Posa ilishapokelewa. Kilichobaki kilikuwa nikahi, na nikahi ilikuwa imekwama mahali ambapo Saumu hakutaka kupatazama.

Baba yake alifariki miaka miwili nyuma. Kaka yake wa pekee, Selemani, alikuwa Maskati. Hakuja kuzika, na hakupiga hata simu ya pole. Saumu akatangaza mbele ya ukoo kwamba yeye hana kaka. Tangu hapo aliyemwita mama yake Mama Selemani hakupewa chai. Sasa sheikh alikuwa amesema waziwazi kwamba baba na babu wakishaondoka, walii wa binti ni kaka yake, na maadamu kaka yu hai na ana akili zake, baba mdogo hawezi kumwozesha mpaka huyo kaka ampe uwakala. Saumu akajibu kwamba atafutwe sheikh mwingine, mlaini kidogo.

Mchana ule Rahma, fundi cherehani wa chumba cha pili, akaja kuazima mkasi. Mkasi alikuwa nao shingoni.

"Mimi sipendi maneno," akaanza.

"Najua. Yaseme."

"Kuna mwanamke anakuja kwa Yusuph. Kila siku, baada ya alasiri."

"Wateja wanawake ni wengi."

"Mteja anapita mlango wa mbele, Saumu. Huyu anapita nyuma. Kavaa ninja, unaona macho tu. Akishaingia, Yusuph anashusha pazia."

Saumu aliendelea kupanga karatasi. Zilikuwa zimeshapangika.

"Wanafanya nini?"

"Sasa mimi nitajuaje? Cherehani inameza maneno, namsikia anacheka tu. Juzi alilia."

Rahma alipoondoka, mkasi ukiwa bado shingoni, Saumu alikaa akaunganisha mambo. Apdeti inavuta mtandao baada ya alasiri. Mwanamke anakuja baada ya alasiri. Apdeti inazimwa. Akatuma meseji:

"Leo nakwenda Lukozi kwa shangazi. Nitalala huko."

Jibu lilirudi kabla hajaweka simu chini:

"Sawa mpenzi, msalimie sana. Usiwe na haraka. Duka lipo salama."

Usiwe na haraka. Saumu alilisoma lile neno mpaka likapoteza maana. Alivua pete ya uchumba akaifunga kwenye pindo la kanga. Leo vitu viwili vitatengenezwa, kompyuta na mwanaume, na kitakachoshindikana kitatoka nje na mizigo yake.

Hakwenda Lukozi. Alikaa kwa Rahma, nyuma ya cherehani, na Rahma hajawahi kushona kimya namna ile maishani mwake. Adhana ya alasiri ikapita, watu wakatoka msikitini. Mlango wa nyuma wa steshenari ukalia. Saumu akahesabu pumzi zake, akainuka, akazunguka nyuma. Pazia lilikuwa limeshushwa. Akasikia sauti ya Yusuph:

"Tumia sauti ndogo, tafadhali. Leo hayupo, lakini Rahma yupo."

Akalivuta pazia.

Mwanamke alikuwa amekaa kwenye kiti cha Saumu, ninja imeinuliwa juu ya paji la uso, hedifoni zimembana masikio, mdomo umekaribia kabisa kamera. Alikuwa anapiga kelele kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde, kwa kuwa aliamini Maskati ni mbali.

"Umekula? Nakuuliza, umekula?"

Alikuwa mama yake mzazi.

Yusuph alisimama ghafla, kiti kikaanguka. Mama akageuka, akamwona binti yake, akaishusha ninja usoni. Aliishusha kabisa, kana kwamba ingesaidia.

"Mama, nimekuona," Saumu akasema.

Ninja ikapanda polepole.

"Shikamoo," akaongeza, maana hasira haifuti shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Lukozi hukufika?"

Saumu alifungua pindo la kanga, akaiweka pete mezani kando ya kipanya, akamtazama Yusuph.

"Nimekuuliza mara ngapi kama umeigusa?"

"Nyingi."

"Ukaniambia umeme."

"Nilikwambia umeme."

"Nimekesha na hii mashine. Nimeisafisha mpaka Hezekia amechoka kupokea simu yangu. Wewe unaniangalia tu?"

Yusuph alimtazama mkwewe, akatazama sakafu. Mama ndiye aliyesema. Alisema yeye ndiye aliyemwapisha kijana wa watu asitoe neno. Kila siku, akiaga nyumbani kwamba anakwenda darsa ya akina mama, alikuwa anakuja kumbembeleza Selemani ampe baba mdogo uwakala, ndoa ipite. Na apdeti ikianza kuvuta, sauti ya Selemani inakatikakatika, ma-ma-ma, kama mbuzi. Ndipo alipomwambia Yusuph aizime hiyo inayokula mtandao. Yusuph akazima, na kila siku akasahau kuiwasha tena, kwa sababu mama alikuwa akiondoka analia na yeye anamsindikiza.

"Na kirusi?" Saumu akauliza.

Yusuph akainama kukishika kiti kilichoanguka.

"Yusuph, kirusi kiliingiaje?"

"Ulikuja ujumbe kwa jina la Selemani," Yusuph akasema taratibu. "Umeandikwa, tazama picha zangu. Kuna kitu cha kubonyeza. Mimi nikajua kabisa si cha kubonyeza."

"Ukabonyeza."

"Mama akasema bonyeza. Saumu, ni mkwe. Nimwambie hapana kwa mdomo gani?"

"Niliambiwa kuna picha za mwanangu," mama akasema. "Miaka minne nilikuwa sijaiona sura yake. Wewe ungeacha?"

Katika zile hedifoni, ambazo mama alishazivua na kuziweka mezani, kisauti chembamba kilikuwa kinauliza: mama, nani huyo, mama, upo?

"Anasemaje kuhusu uwakala?" Saumu akauliza.

"Anasema atautoa. Kuzika alizuiwa tu, pasipoti alikuwa nayo tajiri wake. Ila uwakala umwombe mwenyewe."

Hapo ndipo Saumu alipoelewa kwamba kompyuta ilikuwa kazi nyepesi. Aliitazama pete. Alimtazama Yusuph, aliyekuwa bado ameshika kiti kilichoanguka, hajui akisimamishe au aendelee kukishika. Kisha akavuta kiti hicho hicho, akakaa, akavaa hedifoni.

"Nipo," akasema.

Upande ule kulikuwa na mvumo wa feni. Halafu:

"Saumu."

"Ulishindwa kuja kuzika. Mama amesema pasipoti alikuwa nayo tajiri wako. Sawa. Simu ulishindwaje?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Sauti yako. Ningepiga, ungeniuliza niko wapi, na mimi sikuwa na jibu."

"Haya, sasa unaisikia. Inauma?"

"Inauma."

"Mimi iliniuma siku tulipomtoa nyumbani, watu wanauliza mtoto wa kiume yuko wapi ashike jeneza. Nilisema hatuna."

Selemani hakujitetea. Alilia, na kulia kwa mtu mzima kwenye hedifoni kunaingia mpaka ndani ya sikio, huna pa kukwepea. Mama alikuwa anamvuta Saumu mkono, anauliza kwa Kishambaa anasemaje, anasemaje. Saumu akamwashiria asubiri.

"Mama anasema unataka niombe," akasema hatimaye. "Mimi kuomba najua, sina kiburi hicho. Naomba unioze."

"Kwa nani?"

"Kwa mwongo mmoja amesimama hapa nyuma yangu."

"Anakufaa?"

Yusuph alikuwa anasikia upande mmoja tu wa mazungumzo, na uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja matokeo ya Kidato cha Nne.

"Anafaa. Ana kasoro moja, anamwogopa mama yetu kuliko anavyonipenda. Hiyo nitamtibu mwenyewe."

Walipomaliza, mama akabaki na hedifoni akiuliza kwa mara nyingine kama mwanawe amekula. Saumu alitoka na Yusuph mpaka uani. Rahma alikuwa dirishani, anafuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Siku nyingine mama yangu akikuapisha kunidanganya?"

"Nitakataa."

"Usinidanganye tena sasa hivi. Huwezi kumkatalia."

Yusuph akafikiri. "Siwezi," akakubali.

"Basi njoo uniambie mimi, nimkatalie mimi. Hiyo ndiyo ndoa ninayoitaka. Ukiona haikutoshi, pete ile pale mezani, ichukue."

Yusuph aliingia ndani. Saumu alibaki uani, anajilaumu kwa kumpa mtu mlango ulio wazi namna ile. Akarudi na pete. Hakupiga goti, huku kwetu mtu akipiga goti tunaita gari la wagonjwa. Alimkabidhi tu kwa mikono miwili, kama anavyokabidhiwa mkubwa.

"Ivae kabla Rahma hajamaliza kufuta hilo dirisha," akasema.

Siku ile ile Saumu aliiwasha apdeti kwa mara ya mwisho, mama yake akiwa amekaa kando anafundishwa kwamba picha za watoto haziji kwa kubonyezabonyeza. Akaihamisha ratiba, ivute mara tu duka likifunguliwa, kabla ya wateja kujaa. Asubuhi ikavuta, ikajizima, ikajiwasha, ikavuta tena, kama mtu aliyelala njaa siku nyingi. Mwalimu Elinuru alichomeka flashi yake akiwa ameshikilia roho. Flashi ikatoka salama. Kufikia swala ya adhuhuri, foleni ilikuwa imefika mlangoni kwa Rahma.

Alhamisi, baada ya alasiri, steshenari ilifungwa kwa wateja. Sheikh alikalishwa mbele ya kamera, baba mdogo Salimu kuliani kwake, mashahidi wawili wamebanana na mashine ya fotokopi. Sheikh akataka uhakika kwamba mtu anayesema ni yeye. Mama akasema sauti ile aliisikia kabla ya mtu mwingine yeyote duniani. Sheikh akaridhika, akakisalimia kioo, akauliza kama Selemani, kwa hiari yake, amempa baba yake mdogo uwakala wa kumwozesha Saumu kwa Yusuph.

Spika zilikwaruza.

"Nimempa," Selemani akasema. "Na huyo bwana harusi mwambieni, siku akimtesa mdogo wangu, nitakuja. Nitapanda ndege siku hiyo hiyo."

Wanaume wakacheka. Yusuph akacheka kwa kuchelewa kidogo. Saumu, aliyekuwa amekaa nyuma ya pazia na wanawake, kanga mpaka machoni, alisema kwa sauti iliyofika mbele:

"Mwambieni kaka asingoje niteswe. Aje tu."