Koti Jeupe la Daktari

Sisi ni watu wa udobi. Mwanangu anafua, mimi naanika, wajukuu zangu wa kike wanachota maji na kupeleka nguo kwa baiskeli. Kaka yao wa darasa la sita, akitoka shule, hupiga pasi ya mkaa barazani: kola kwanza, kisha mikono, mgongo mwisho. Hatukuwahi kuulizana kazi ipi ni ya nani.

Siku moja alirudi amenuna. Mwenzake wa darasani, mtoto wa daktari, alikuwa amemcheka mbele ya wenzao. "Kumbe wewe ni binti! Kwetu mwanamume hashiki pasi!"

Mchana ule akaingia na pasi chumbani, akafunga mlango na dirisha. Pasi ya mkaa hupigiwa nje ili upepo uchukue majivu. Mle ndani upepo autoe wapi? Nilipofungua mlango, koti la daktari, ambaye nguo zake tunamfulia sisi, lilikuwa na madoadoa kama kanga.

"Bibi, nimekwisha! Jioni hii anaingia zamu nalo!"

Mara hodi. Mtoto wa daktari, ametumwa koti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba."

Mjukuu wangu akamwonyesha koti. "Limechafuka. Nililipigia pasi chumbani ili usinione."

Mgeni akatazama chini. Mwanangu akaja na povu mikononi. Hakugomba. Akalifua upya, jua likalikausha. Pasi ikarudi barazani, na mgeni akapewa kipande cha boksi apepee mkaa. Akapepea huku akipiga chafya.

"Lakini baba," akamwambia mwanangu, "nyumbani wanasema hii ni kazi ya wanawake."

"Nguo zenu nani anazinyoosha?"

Akaacha kupepea. "Ni... nyinyi."

"Na hizi ndevu zangu je, nimeazima?"

Tulicheka mpaka mjukuu wangu akaweka pasi chini.

"Sikilizeni," mwanangu akasema. "Mwenye uwezo wa kumlipa mwingine anaweza kukaa akachagua: hii ya kike, hii ya kiume. Sisi tukichagua, tutalala njaa. Kwa hiyo usimcheke anayekunyooshea shati. Nawe, mwanangu, kushika pasi si aibu. Aibu ni kuificha kazi yako mpaka ikaharibika."

Koti likaondoka jeupe, limekunjwa vizuri. Kesho yake mtoto wa daktari alikuja tena, safari hii na shati lake mwenyewe, akaomba afundishwe kola.