Tangi la Tatu

Kila asubuhi kabla ya shule nilipita kituoni kwa shangazi. Kazi yake ni kulea matumbawe machanga kwenye matangi ya saruji mpaka yakomae, kisha wapiga mbizi huyapandikiza kwenye mwamba wa baharini uliokufa kwa joto. Mimi nilishika kadi ya rangi kando ya kila tumbawe, nikalinganisha, nikaandika namba daftarini. Sita ni hudhurungi iliyokolea, afya tele. Moja ni nyeupe pe, maji yamezidi unga.

Rafiki yangu, tuliyemwita Wakili kwa ubishi wake, alinicheka. "Unabembeleza mawe?"

"Si mawe, ni wanyama."

"Wanyama gani hawana macho wala ubongo? Watajuaje kama wapo? Mnyama asiyejua kama yupo ana tofauti gani na jiwe?"

Niliudhika. Tangu siku hiyo nikawa nayatazama na kujiuliza yanasikia nini. Ya tangi la tatu yalinitia simanzi zaidi, maana yalifunikwa wavu mweusi wa kivuli mchana kutwa. Mimi ukinifungia gizani nitalia. Basi Jumatatu, shangazi aliposafiri kwenda semina, niliuondoa ule wavu nikaukunja, nikaenda shule nikijiona mwema kweli kweli.

Jumanne kadi ilisema nne. Nikaandika tano kama siku zote, nikidhani nimekosea kutazama. Jumatano ilisema tatu. Hapo nilijua ni jua linaloyapausha. Nikarudisha wavu mbio mbio, lakini mkono ukaandika tano tena. Alhamisi nikaandika tano bila hata kushika kadi, kwa sababu niliogopa kuyatazama.

Ijumaa alfajiri shangazi alikuwa amerudi, na wapiga mbizi walifika na makasha yao. Mkubwa wao alifungua daftari. "Tano, tano, tano. Safi. Tupakie tangi la tatu twende tukapande."

Nilijua tumbawe lililopauka likitupwa kwenye bahari yenye joto halitaiona wiki ya pili. Kazi ya shangazi ya miaka miwili ilikuwa inabebwa kwenda kufa.

"Msiyachukue," nikasema. "Namba ni za uongo. Nimeziandika mimi."

Nikaeleza yote, wavu na daftari, machozi yakinitoka. Shangazi hakunigombeza. Alichukua kadi akaishusha majini, akatazama tumbawe moja baada ya jingine, yote arobaini. Afadhali angenichapa.

"Rudisheni makasha," akawaambia wapiga mbizi. "Haya ni wagonjwa."

Wiki tano tuliyauguza kwa kivuli na maji yaliyopozwa. Thelathini na moja yalirudisha rangi, yakapandwa. Tisa yalikufa, na shangazi akaniachia mimi niyatoe tangini.

"Shangazi, yaliumia?" nikamuuliza, la mwisho likiwa mkononi.

"Sijui, mwanangu. Nimeyalea miaka kumi na minane na sijui kama tumbawe linajijua. Na wataalamu wenyewe bado wanabishana."

"Mimi niliyaonea huruma. Nilidhani yanaogopa giza kama mimi."

"Huruma si dhambi. Ila uliyapa moyo wako wewe, hukuyauliza hali yao. Tumbawe halina mdomo, lina rangi. Lilikwambia nne, likakwambia tatu. Ukaifuta kauli yake."

Nikainamisha kichwa.

"Mficha maradhi kilio humfichua," akasema, "na hiki kilio kingetufika sote kama ungenyamaza mpaka makasha yaondoke. Hilo la kusema nimeliona, na daftari utaendelea kuliandika wewe. Lakini usinisumbue tena na swali la kama haya yalihisi. Siku zile tatu, hapa tangini, alikuwepo mmoja aliyehisi kila kitu na kujua kila kitu, wala hakuna mtaalamu wa kulibishia hilo. Ulikuwa wewe."