Cha Nne Usikichukue

Jua lilikuwa linaegemea mlimani nilipofika Mbulu mjini kuchukua video ya harusi ya mjukuu wangu Evaline. Mwezi mzima tumeingoja. Wanaishi kwangu; mume wake, Gerald, alikuwa machungani na ng'ombe, na Evaline mwenyewe alisema miguu inamuuma, basi akanituma mimi.

"Bibi, atakupa vitu vitatu," alisema. "Cha nne usikichukue."

Bibi! Mtoto yule nimemlea mwenyewe. Alipokuwa mdogo jina langu, Natalia, lilimshinda, akaniita Taya, na Taya nikabaki mpaka asubuhi ya harusi yake. Tangu siku ile ni bibi, bibi. Nikasema moyoni, ameshakuwa mke wa mtu, adabu imemwingia.

"Shikamoo, mchumba!" Abdillah, mpiga video, alinitania hivyo tangu siku niliyocheza mbele ya kamera yake mpaka kilemba kikadondoka.

"Marahaba. Toa mzigo, giza linaingia."

"Albamu ya picha, hii. Ndani ya flashi hii nyeupe kuna filamu ndefu, kuanzia kanisani mpaka keki. Na hii ya bluu ina ile fupi ya dakika tano, ya kurushiana kwenye simu."

Vitatu. Halafu akasita, mkono mfukoni.

"Hii nyekundu ni yote niliyorekodi, kabla sijakata. Maharusi wangu wote nawapa. Lakini mjukuu wako amenipigia mara saba niifute."

"Kwa nini?"

"Kaa, bibi. Uangalie mwenyewe."

Akafunga mlango.

Siku ya harusi, kati ya kanisani na ukumbini, Abdillah aliwapeleka maharusi chemchemi ya chini ya Endagikot apate matete na maji nyuma ya gauni jeupe. Mimi nilikuwa kwenye masufuria ya pilau. Ningekuwepo ningekataa. Mama yangu alikuwa akisema: "Bibi harusi asionyeshwe maji. Wale pepo wa chemchemi, neetlang'w, wanapenda kilichopambwa."

Kwenye kompyuta nikamwona Evaline akiingia nyuma ya matete kuweka gauni sawa. Akatoka. Akamshika Gerald mkono. Wakaondoka wanacheka.

"Hapo nilisahau kamera ndogo kwenye stendi," Abdillah akanong'ona. "Niliifuata jioni, nikaikuta bado inarekodi."

Maji. Matete. Ndege mmoja...

Kisha matete yakatikisika.

Evaline akatoka.

Gauni lile lile, limelowa mpaka kifuani. Akatazama huku na huku.

"Gerald? Mbona mmeniacha?"

Akapiga hatua mbili. Kitu kikamvuta gauni kwa nyuma, taratibu, kama mtu anavyovuta ndama asiyetaka kamba.

"Taya!"

Maji yakatulia.

Ile flashi nyekundu nikaifunga kwenye pindo la kanga. Sikuaga.

Njia yangu inapita juu ya chemchemi hiyo. Harufu ya tope ilinifikia kabla sijaona maji, nami nikasimama.

"Taya..."

Chini. Ndani ya matete.

"Taya, nisubiri."

Mama alinionya nisiitikie kamwe. Nikaitika.

"Nipo, mwanangu! Mimi Taya, nipo!"

Nikashuka mpaka maji yakafika magotini, napapasa kwa mikono miwili. Nikashika kitambaa. Nikavuta kwa nguvu zangu zote za uzee.

Shela. Tupu.

Nililia pale mpaka sauti ikaisha, halafu nikapanda nyumbani na rozari mdomoni. Evaline alikuwa amesimama mlangoni. Tope lile lile lilinuka kwake.

"Umechukua vingapi?"

"Vitatu."

Akatazama kanga yangu iliyolowa. Akatazama lile fundo kwenye pindo. Akatabasamu polepole.

"Pole na safari... Taya."

Flashi nimeificha ndani ya debe la mahindi. Shela la harusi nililikunja mwenyewe sandukuni siku ile, na liko palepale. Sasa ninayo mawili. Gerald nimemwambia aje aiangalie, akanicheka, akasema mke wake ana mimba na bibi ana wivu.

Kila jioni nashuka na kibuyu cha maziwa, naita mpaka giza linaingia. Lakini tangu yule wa nyumbani alipoanza kuniita Taya, kule chemchemini hakuna anayeniita tena.