Lori Kuukuu na Hati ya Nyumba

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso wake, Taratibu huosha uso wa lori lake. Hufuta taa. Hufuta vioo. Husugua boneti mpaka aone meno yake mwenyewe.

"Ungekuwa unanisugua mgongo hivyo," mkewe humwambia, "ningekuwa msichana mpaka leo."

"Wewe hubebi kokoto, Mama Pacha."

"Nimebeba watoto wawili kwa mpigo! Kokoto ni nini?"

Jina la Taratibu alipewa na wapasua mawe, kwa sababu ya mwendo wake. Kwa miaka kumi na tisa amebeba kokoto kutoka machimboni hadi kwa wajenzi. Lori ni lile lile. Naye ana jambo moja la kujivunia. "Injini hii," husema akiipigapiga boneti, "haijafunguliwa tangu izaliwe."

Pale machimboni, sifa hiyo ni kubwa kuliko cheo. Madereva huamini kwamba injini ikifunguliwa mara moja imeharibika. Fundi akishaionja, husema, hataacha kurudi kuionja.

Lakini mwaka ule lori lilianza kuchoka. Lilipanda kilima kama mzee anayepanda ngazi. Moshi mweusi ulifunika barabara nzima. Mafuta yakawa hayatoshi. Mjenzi mmoja alimsubiri mpaka akakasirika.

"Mzee, zege linakungoja wewe tangu asubuhi. Ukichelewa tena nitatafuta mwingine."

Taratibu alipiga hesabu. Wajenzi wakikimbia, nyumbani watakula nini? Siku ileile akaenda kwa muuza malori. Alikuta malori mapya yamepangwa, yananukia rangi. Akauliza bei. Akauliza tena, akidhani masikio yamemdanganya. Bei ilikuwa karibu mara mbili ya ile aliyoisikia miaka mitatu nyuma.

"Zinapanda kila mwezi," alisema muuzaji. "Ukisubiri, utajuta. Una hati ya nyumba? Benki itakukopesha hata Ijumaa hii."

Taratibu alirudi nyumbani. Alikula. Kisha akafungua sanduku, akatoa hati ya nyumba.

Mama Pacha akaacha kuosha vyombo. "Hiyo unaipeleka wapi?"

"Benki. Ijumaa naweka sahihi. Nikikopa, lori jipya litajilipa lenyewe."

"Na lisipojilipa?"

Taratibu aliipangusa hati vumbi. Mama Pacha alikaa kitako. Nyumba ile ilikuwa na vyumba vitatu. Maji ya kujengea kuta zake aliyabeba yeye kichwani, akiwa na mimba.

"Baba Pacha, sikukatazi," alisema polepole. "Ila leo ni Jumanne. Kabla ya Ijumaa, mwache mdogo wangu aliangalie hilo lori."

"Aangalie tu. Asifungue."

"Ataangalia."

Mdogo wake Mama Pacha alikuwa fundi wa malori. Watu walimwita Spana. Alifika Jumatano asubuhi, mikono ya ovaroli imekunjwa.

"Shemeji! Bado umemwoa dada yangu, au siku hizi umeoa lori?"

"Dada yako ana maneno mengi, lori lina moshi mwingi. Nimechagua moshi."

"Haya, liwashe nimwone mke mwenzake."

Lori likakohoa, likawaka. Moshi mweusi ukatoka kwa fujo. Spana alisimama pembeni, akautazama kama daktari anayemtazama mgonjwa ulimi.

"Shemeji, moshi una lugha yake," alisema. "Ukiwa wa buluu, injini inaunguza oili. Ukiwa mweupe na hauishi hata injini ikipata moto, mara nyingi maji yanaingia pasipo pake. Huu wako ni mweusi. Mafuta yanaingia, lakini hewa haitoshi kuyachoma. Umewahi kufunika jiko la kuni lisipate upepo?"

"Linatoa moshi tu."

"Ndivyo lori lako linavyofanya. Nifungue nione?"

"Hapana!" Taratibu akaweka mkono juu ya boneti. "Injini hii haijafunguliwa tangu..."

"Tangu izaliwe, tumesikia. Lakini mgonjwa wa kifua haponi kwa kuogeshwa, shemeji."

Mama Pacha alikuja karibu. Hakupaza sauti. "Baba Pacha, Ijumaa uko tayari kuwafungulia benki nyumba yangu. Leo unashindwa kumfungulia shemeji yako boneti?"

Taratibu aliitazama nyumba. Akalitazama lori. Kisha akauondoa mkono wake.

Spana alianza na mahali hewa inapoingilia. Akafungua kifuniko cha filta ya hewa. Akaingiza mkono. Akavuta. Kikatoka kitambaa kigumu kwa vumbi, kimefungwa kwa kamba mara tatu. Alikikung'uta. Yakaonekana maua.

"Pazia langu!" Mama Pacha akashika kiuno. "Nusu ya pazia langu! Na mimi nimewatega panya mwezi mzima!"

Taratibu alikuna kichwa. "Kule machimboni vumbi ni jingi. Nilitaka kuikinga injini. Na hapo sikufungua injini, nilivisha pua tu."

"Uliivisha lini?" aliuliza Spana.

"Kiangazi kilipoanza."

"Na moshi ulianza lini?"

Taratibu alifikiri. Akatazama chini. "Kiangazi kilipoanza."

Walicheka mpaka jirani akachungulia ukutani. Lakini Spana aliacha kucheka mapema. Aliingia chini ya lori, akakaa huko muda mrefu akigonga vyuma na nyundo ndogo. Alipotoka alikuwa na matope mgongoni.

"Pazia ni nusu ya ugonjwa," alisema. "Nozeli zinazopulizia mafuta ndani ya injini zimechafuka. Springi moja imevunjika. Na mpira huu wa breki umepasuka. Lori haliondoki hapa mpaka ubadilishwe."

"Lakini kesho nina safari!"

"Safari itangoja. Kuchelewa siyo kufa."

Taratibu alikaa juu ya tairi kuukuu. "Shemeji, utani tuuweke kando. Niliache au nilitunze?"

Spana alifuta mikono. "Kipya kinyemi ingawa kidonda. Lori jipya lina raha yake, sikatai. Na yapo malori makuukuu ambayo ningekwambia uyaage leo leo. Kama chesisi, yaani ule uti wa mgongo wa chini, imeoza. Kama vipuri havipatikani. Au kama matengenezo ya mwaka mmoja yanakaribia bei ya lori jingine. Lako chesisi ni nzima, nimeigonga yote. Vipuri vimejaa madukani. Kulitengeneza kutakula pesa ambayo benki ingekudai kwa miezi mitatu. Na benki itakudai miezi mingapi?"

"Sitini," alisema Taratibu kwa sauti ndogo.

Mama Pacha aliingia ndani, akairudisha hati sandukuni. Hakuna aliyemzuia.

Alhamisi injini ilifunguliwa. Nozeli zilipotolewa, Taratibu alisimama mkono shavuni, jasho likimtoka.

"Hata nilipokuwa najifungua hukusimama hivi," mkewe alisema.

"Wewe nilijua utatoka salama."

Jioni mpira wa breki ulikuwa mpya, springi mpya, filta mpya. Lori likawashwa. Taratibu alikimbilia nyuma kutazama moshi. Aliona moshi mwepesi tu, kama mvuke wa chai, kisha hata huo ukapotea.

"Sasa nisikilize," Spana alisema. "Filta ya hewa uikague kila wiki, kwa sababu ya vumbi la machimbo. Ikichoka, nunua nyingine. Usishone! Oili ubadilishe kwa kilomita, usingoje ukumbuke. Na asubuhi, kabla ya kitambaa, angalia oili, maji, breki na tairi. Uzuri baadaye."

"Hizo kilomita nitazikumbuka vipi?"

Mama Pacha akaleta rangi nyeupe na brashi. Ndani ya mlango wa dereva akaandika kwa tarakimu kubwa kilomita ya kubadilisha oili. Chini yake akaandika: SOMA.

Miezi ikapita. Tangi lililokuwa likitosha safari tano likatosha saba. Yule mjenzi mwenye hasira akawa anapiga simu mwenyewe kuomba kokoto. Kila Jumamosi, Mama Pacha aliweka kando kiasi cha vipuri na kiasi cha lori la kesho, maana hakuna chuma cha milele.

Siku moja Taratibu alikuwa chini ya lori, anapaka grisi, simu ikalia. Alikuwa muuza malori.

"Mzee, ulipotelea wapi? Bei zimepanda tena! Njoo na ile hati kabla hazijapanda zaidi."

"Kijana wangu, ziache zipande, zitazame mandhari," alisema Taratibu. "Siku nikija, nitakuja na pesa mkononi. Nyumba nitaiacha nyumbani."

Akakata simu, akamwomba Mama Pacha ampe grisi nyingine.