Kidole cha Bertin

Haya yalimpata mama yangu mdogo, Perrine, na anayebisha aje aione sahani.

Siku ilianza kama nyingine. Kwenye kiwanda cha vyombo vya kaure tulikuwa tunasugua dhahabu ya sahani kwa vijiwe ing'ae, huku tunasengenya watu. Sahani za kaure za Mfalme zilikaribia kwisha. Ndege wote wa kwenye sahani hizo aliwachora Anselme, mume wa Perrine, akatia alama yake ya unyoya chini ya kila sahani. Mwisho mapafu yakamuua. Msimamizi aliahidi kwamba alama ya marehemu ikionekana kwenye kazi ya Mfalme, mjane atabaki na chumba cha kiwanda. Isipoonekana atatoka, yeye na watoto wake, na theluji ilikuwa imeshaanza.

Rangi ya sahani hizo ilikuwa bado mbichi, haijachomwa tanurini. Perrine akamkuta Bertin, mchoraji mwenzake Anselme, akifuta alama za unyoya kwa kidole gumba na kuweka alama yake mwenyewe.

"Bertin! Anselme alikuwa rafiki yako!"

"Maiti hali mkate, shemeji," akacheka. "Nenda kamwambie basi."

Perrine alikwenda kweli. Alirudi kutoka makaburini na udongo kwenye aproni.

Tanuri lilichoma, likapoa, tukaletewa sahani. Perrine akageuza ya kwanza. Unyoya. Ya pili. Unyoya. Alama ya Bertin haikuwepo popote.

Bertin akaja mbio. Akaanza kufuta tena, kwa kidole kilekile.

Kikalia. Ting.

Sote tuliacha kazi. Kidole kilikuwa cheupe, kinang'aa kama sahani.

"Perrine," akanong'ona, "mwambie aache."

"Mwambie mwenyewe, shemeji."

Weupe ukapanda. Kiganja. Kiwiko. Bega. Jioni ukafika kooni.

Tulimzika Jumapili. Udongo wa kwanza ulipoangukia jeneza, kitu kilivunjika ndani. Padri alisikia, sote tulisikia. Perrine alibaki na chumba chake.

Sahani moja ilikataliwa kwa sababu ya ufa, ndiyo hii ninayoiweka kabatini. Chini yake kuna unyoya, na juu ya unyoya alama ya kidole gumba cha Bertin. Kidole kimoja tu, miaka yote.

Jana nimeigeuza. Sasa vipo vidole vinne, kama mkono unaojitokeza.