Injini Iliyokataa Kuzimika

Siku ile ilianza vizuri. Mama Spana, kama majirani walivyozoea kumwita, alifungua gereji yake asubuhi, akafagia sakafu, akataniana kidogo na mshona viti vya magari wa mlango wa pili kuhusu nani kati yao anazeeka haraka. Saa nne kasoro, mjomba wake akaingia na gari lake la dizeli, moshi wa bluu ukimfuata nyuma.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hili gari litanitoa roho. Linavuja oili, linafuka, mafundi watatu wameshindwa. Nitengenezee nilipeleke sokoni."

Mjomba huyu ndiye aliyesimamia msiba wa dada yake Mama Spana miaka miwili nyuma, dada alipogongwa na gari lisilojulikana na kuachwa barabarani. Alilia kuliko wafiwa wote. Mama Spana hakulia. Yeye alishikwa na hasira tu; alilala nayo, akaamka nayo, akafungulia nayo nati za magari ya watu.

Moshi wa bluu humwambia fundi jambo moja: oili inaungua. Pengine ringi za pistoni zimelika, pengine turbo inapitisha oili kwenye njia ya hewa. Akachomoa kijiti cha kupimia, akakuta oili iko chini, akaongeza lita nne. Kisha, kwa kuwa injini chafu haisemi ukweli, akaiosha yote, akaikausha, akaipaka poda ya watoto. Oili ikivuja huchora mstari kwenye poda, nawe unaufuata mpaka kwenye tundu.

Akaiwasha dakika kumi. Akaizima. Akainama na tochi.

Hapakuwa na mstari. Palikuwa na kiganja.

Oili ilikuwa imechomoza kwenye chuma kizima, kisicho na ufa wala tundu, ikachora mkono wa kulia, vidole vimetanuka kama vya mtu anayesukuma kutoka ndani. Kidole cha shahada kiliishia kwenye kiungo cha kati.

Alikifahamu kidole kile. Kilikuwa cha dada yake; kilikatwa na feni ya injini, humo humo gerejini, mwaka ule dada alipokuwa akimfundisha kazi.

"Mjomba," alinong'ona. "Njoo uone."

Mjomba akaja, akachungulia. Hakuuliza ni nini. Hilo ndilo lililomchemsha Mama Spana damu: hakuuliza.

"Ni wewe."

"Punguza sauti, mwanangu. Mama yako moyo wake..."

"Ni wewe. Ukashika jeneza kwa mikono hiyo hiyo."

"Mvua ilikuwa kubwa, sikumwona. Nikaenda kwa mganga mmoja, akaniambia nifute damu kwa kitambaa, nikifiche ndani ya injini. Siri haitatoka."

"Ulipomwacha, alikuwa ameshakufa?"

"Alinitambua," mjomba akasema. "Aliniita mjomba."

Mama Spana akaokota spana kubwa. Mjomba akarudi nyuma, akaingia garini, akafunga mlango, akawasha.

Gari halikusogea. Injini ikaunguruma. Ikapanda kasi. Ikazidi kupanda, mguu wa mjomba haujagusa pedali ya mafuta. Akazima swichi. Akachomoa ufunguo, akauinua mbele ya kioo ili mpwa wake auone. Injini ikaendelea.

Mafundi wa dizeli wanalijua jambo hili. Injini hunyonya oili yake yenyewe, ikajiendesha mpaka ipasuke. Dawa ni moja: kuiziba pumzi. Mama Spana akachukua kipande cha ubao, akang'oa bomba la hewa.

Akasimama hapo.

Moshi ulikuwa unatokea kwenye matundu ya dashibodi. Mjomba alivuta mlango. Haukufunguka. Akapiga kioo kwa kiwiko. Hakikupasuka. Kilichomsumbua Mama Spana baadaye ni harufu: haikuwa ya oili. Ilikuwa ya nywele zilizolowa.

"Sema," akamwambia kupitia kioo. "Sema kwa sauti."

Mjomba akasema. Mshona viti akasikia, muuza matairi wa ng'ambo ya barabara akasikia. Akasema mara ya pili akikohoa. Mara ya tatu alikuwa analia kweli, na Mama Spana akatamani kumwacha humo. Alitamani sana.

Kisha akaziba.

Injini ikazimika. Milango yote minne ikafunguka yenyewe, kwa pamoja.

Mjomba alikiri tena polisi, na leo yuko gerezani. Mama yake Mama Spana hajamtaja tangu siku hiyo. Lakini gari lilipelekwa likakaguliwe, na baada ya wiki mbili fundi wa polisi akampigia Mama Spana simu.

"Dada, ulisema uliweka oili lita nne?"

"Kwa mkono wangu."

"Humu ndani hamna hata tone. Ni pakavu. Pistoni zimeganda kwa kutu. Injini hii haijazunguka kwa kama miaka miwili." Kisha akaanza kunong'ona. "Zimeganda zote isipokuwa moja. Hiyo moja, ambayo kitambaa kilikuwa juu yake, ni safi, inang'aa. Na tangu juzi nimeiweka mezani, dada, haijapoa."