Karatasi ya Njano

Kila alfajiri, kabla mtaa haujaamka, nilikuwa nasikia mlio mdogo ukutani: tik. Baada ya tik ulifuata mvumo wa feni, kama mtu anayepuliza chai ya moto bila haraka. Huo ulikuwa mlio wa kompyuta ya Mwalimu. Nyumba yake na yetu zimeshikana ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ni mwembamba. Yeye akipiga chafya, sisi huku tunamwambia afya. Nikisikia tik najua jirani yangu ameamka salama, nami nabandika maji ya chai.

Mwalimu alistaafu miaka mingi iliyopita. Macho yake yamefifia, hata sura ya mtu anaiona kama ukungu. Lakini ana kamera ndogo iliyoshikwa na mkono wa chuma juu ya meza. Ukiweka daftari chini ya kamera hiyo, maandishi yanatokea kwenye skrini ya kompyuta yakiwa makubwa kama kiganja. Hapo Mwalimu husogeza pua karibu na skrini, akasoma. Kila Jumamosi saa nne asubuhi watoto wa mtaa humletea insha zao, naye huwaonyesha makosa yao bila kumcheka mtu.

Mimi pia ni mwanafunzi wake. Nilijifunza kusoma kwenye meza ile nikiwa tayari na wajukuu wawili. Siku nilipoandika jina langu kwa mara ya kwanza, hakunipigia makofi. Aliniuliza kama ningependa kuliandika tena. Nililiandika mpaka ukurasa ukajaa.

Mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Akitoka shule hupita kwa Mwalimu kumfagilia na kumfutia vumbi. Mwalimu alimpa sharti moja tu: "Futa kila kitu, mjukuu wangu, lakini nyaya ziache zilivyo."

Jumatano moja Chiriku alirudi, akala bila kusema neno. Alhamisi ikawa vilevile. Ijumaa nilimgusa paji la uso, nikaona hana homa.

"Vipi, redio yetu imekwisha betri?" nikamuuliza.

"Nimechoka tu, Bibi," akajibu, akaenda kulala.

Jumamosi alfajiri nilisubiri tik. Haikuja. Nikabandika maji, yakachemka, na ukuta ukawa bado kimya. Nilijitupia shuka begani nikaenda kugonga.

"Pita, mlango uko wazi," alisema Mwalimu.

Nilimkuta ameketi mezani. Kompyuta ilikuwa imezimwa, naye alikuwa anaizungushia kamera yake kitambaa, taratibu, kama anayemvisha mtoto mchanga.

"Mwalimu, unasafiri?"

"Sisafiri, dada. Nafunga duka." Alicheka kidogo, lakini kicheko hakikufika mbali. "Daktari wa macho aliniambia kwamba rangi ndizo zitakazotangulia kuniaga. Zimeniaga. Tangu Alhamisi karatasi zote kwenye skrini naziona za njano, na wino wa bluu nauona mweusi."

"Pengine ni mashine."

"Nami nilifikiri hivyo. Nikamwita Chiriku, nikamuuliza karatasi ni ya rangi gani kwenye skrini. Akasema ni nyeupe. Yule ana macho mazima. Ya kwangu ndiyo yamefika mwisho." Akafunga fundo la kitambaa. "Watoto wakija leo nitawaaga. Kamera itakwenda shule, imfae mwingine."

Nilimshika mkono tukakaa hivyo. Baadaye yeye ndiye aliyesema, "Rudi ukanywe chai yako. Nilisikia sufuria ikichemka muda mrefu." Hata siku ile alikuwa na nafasi ya kufikiria chai yangu.

Nyumbani nilimkuta Chiriku ana mkate mkononi. Nilimweleza nilivyomkuta Mwalimu. Sikuwa namtega, nilitaka tu mtu wa kumwambia, kwa maana moyo ulikuwa umenijaa. Chiriku aliuweka mkate mezani.

"Bibi, si macho yake."

"Ni nini basi?"

"Ni waya."

Hapo maneno ya siku tatu yakamwagika yote mara moja. Jumatano aliona vumbi nyuma ya skrini, akataka meza nzima ing'ae. Mwalimu alikuwa uani anaanua nguo. Chiriku akauchomoa waya unaotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye skrini, akafuta. Kuurudisha ndiko kukawa kazi, kwani nyuma ya meza kulikuwa na giza. Waya uligoma kuingia, akausukuma kwa nguvu. Ukagoma tena. Akaugeuza, ukaingia.

"Alhamisi Mwalimu akaniita, akaniuliza karatasi ni ya rangi gani," alisema, na sasa machozi yalikuwa yanadondokea mkate. "Ilikuwa njano, Bibi. Njano kabisa. Nikajua nikisema njano ataniuliza kama nimegusa nyaya. Nikasema nyeupe."

"Na jana?"

"Jana nilichukua waya mwingine kwenye kabati la mjomba. Ulikuwa na kichwa chembamba upande mmoja na kichwa cha pini upande wa pili. Mwalimu alipojipumzisha nikauchomeka. Uliingia vizuri kote kuwili, lakini skrini ikawa nyeusi, ikaandika kwamba hakuna picha. Nikarudisha ule wa zamani. Nilitaka kutengeneza kabla hajajua."

Nilikasirika, siwezi kuwaficha. Lakini niliukumbuka mkono wa Mwalimu ulioushika wangu nilipokuwa siwezi kuchora hata herufi moja, na mkono ule haukuwahi kunibana.

"Vaa viatu," nikamwambia.

"Tutakwenda wote, Bibi?"

"Tutakwenda wote. Lakini kusema, utasema wewe."

Mlangoni kwa Mwalimu nilimsogeza Chiriku mbele.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo sauti imekauka?"

Chiriku alisema yote akiwa anatazama vidole vya miguu yake: vumbi, waya, karatasi, kabati la mjomba. Mwalimu hakumkatiza hata mara moja. Nilifikiri atamfukuza, na kama angemfukuza nisingemlaumu.

"Washa," alisema Mwalimu.

Tik. Feni ikaanza kupuliza. Mwalimu akafungua lile fundo, akaisimamisha kamera, akaweka karatasi tupu chini yake.

"Njoo ukae hapa karibu nami. Sasa niambie. Hii ni ya rangi gani?"

"Mezani ni nyeupe, Mwalimu. Kwenye skrini ni njano."

"Sema tena."

"Njano."

Mwalimu alijifunika uso kwa viganja vyote viwili. Mabega yake yakatikisika. Tulidhani analia, na kweli alikuwa analia, ila alipoondoa mikono tukaona anacheka pia.

"Na wewe, dada, unaona nini?"

Nikainama. "Naona njano, kama kiini cha yai."

"Basi kama huu ni upofu, umetupata wote watatu."

Nilikwenda mwenyewe kumwita fundi wa kompyuta, binti mmoja mwenye kibanda karibu na posta. Ndiyo kwanza alikuwa anafungua. Niliposema tu kwamba Mwalimu ana shida, alifunga kibanda tena na kuchukua mkoba, bila kuuliza kazi ni kubwa au ndogo. Njiani alinibebea hata mwavuli wangu.

Alipofika hakugusa kitu kwanza. Alimwita Chiriku asimame karibu.

"Nasikia wewe ni fundi mwenzangu," alisema. "Haya, tuulizane. Taa ya skrini inawaka?"

"Inawaka, Dada Fundi."

"Kwa hiyo umeme unafika. Picha ipo?"

"Ipo, lakini ni ya njano."

"Kwa hiyo kompyuta inatuma na skrini inapokea. Kuna kitu kimoja tu kinachopotea njiani. Na njia yenyewe ni ipi?"

"Ni waya," alisema Chiriku kwa sauti ndogo.

Fundi alizima mashine, akalegeza skrubu mbili za pembeni, akauchomoa waya na kuuleta dirishani kwenye mwanga. Ndani ya kichwa chake kulikuwa na pini nyembamba zilizopangwa mistari mitatu, tano tano. Zote zilisimama wima, isipokuwa ya tatu katika mstari wa kwanza. Hiyo ilikuwa imelala.

"Nyeupe ya skrini ni rangi tatu zilizochanganywa: nyekundu, kijani na bluu," Fundi alieleza. "Hii iliyolala ndiyo inayobeba bluu. Bluu ikikosekana, nyeupe inabaki njano, na wino wa bluu unakuwa mweusi. Mwalimu, ulichokiona ndicho kilichokuwepo."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, polepole. Nadhani alikuwa anayasikia maneno yale mara mbili mbili.

"Na ule waya wa mjomba?" Chiriku akauliza. "Uliingia bila kugoma."

"Kuingia si kuelewana. Tundu lile jembamba la kompyuta linatuma picha kama namba. Skrini hii ni ya zamani, haijui namba. Inasubiri umeme unaopanda na kushuka. Kati yao lazima kiwepo kifaa cha kutafsiri, na waya mtupu hautafsiri. Ungeniuliza, ningekwambia." Kisha akageuza kile kichwa cha pini. "Na huu, ona, upande mmoja ni mpana na wa pili ni mwembamba. Ukigoma, usiusukume. Utazame kwanza, huenda umeugeuza."

Fundi aliomba kalamu iliyokwisha wino. Mwalimu ana kopo zima la kalamu nyekundu alizozimaliza kwa kusahihisha madaftari; hajawahi kuzitupa. Fundi alichomoa mrija wa mojawapo, akaukata ncha. Mrija ule ungevaa pini na kuinyanyua.

"Mpe yeye ainyooshe," alisema Mwalimu.

Fundi akasita. "Pini ni laini, Mwalimu. Ikipindwa vibaya inakatika, na waya kama huu siku hizi ni shida kuupata."

"Ikikatika, itakuwa imekatika mbele yetu sote."

Chiriku alinitazama, nami nikamtazama Mwalimu. Fundi alishika kichwa cha waya, Chiriku akashika mrija. Akauvika kwenye pini. "Kidogo," Fundi alinong'ona. "Pumzika. Kidogo tena. Usiirudishe nyuma." Kijasho kilimtoka mtoto puani. Saa ya ukutani ilikuwa imekaribia saa nne, na nje tulianza kusikia watoto wakisukumana getini na insha zao. Hatimaye Fundi alisogeza waya kwenye mwanga, akafumba jicho moja.

"Imesimama kama askari," alisema.

Waya ukarudi mahali pake, safari hii kwa kutazama. Skrubu zikakazwa kwa vidole. Tik. Tulisubiri. Karatasi ikatokea.

Wote tulikuwa tunamsubiri Mwalimu. Alisogeza pua yake karibu, akakaa hapo muda mrefu.

"Nyeupe," alisema. "Kama maziwa."

Kisha akanyoosha mkono mpaka akalipata bega la Chiriku.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Pini ilipinda, umeinyoosha, hilo limekwisha. Anayefanya kazi lazima ataharibu kitu siku moja. Mimi nimevunja vitu vingi kuliko vyombo vyote vya bibi yako. Lakini mimi naishi kwa macho ya watu. Nikikuuliza kama kikombe kimejaa, au kama barabara iko wazi, wewe ndiye macho yangu. Jumatano uliharibu waya, na waya una fundi. Alhamisi uliponiambia nyeupe, uliniacha gizani peke yangu kwa siku mbili, nikiwa nakuamini. Ukikosea, niambie siku hiyohiyo. Hata kama nitakasirika, niambie."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nimekusamehe. Na nakushukuru, maana leo umesema wakati ungeweza kunyamaza. Haya, wafungulie wenzako wasije wakaling'oa geti."

Insha zilisomwa siku ile mpaka adhuhuri. Fundi alikataa kuondoka, akaketi nyuma kabisa na kusikiliza kama mtoto. Chiriku ndiye aliyekuwa anaweka madaftari chini ya kamera, moja baada ya jingine, lakini hakusema mengi. Jioni aliniuliza kama Mwalimu atatafuta mtu mwingine wa kumfutia vumbi. Nikamjibu kwamba sijui, na kweli sikujua.

Jumapili nilikuwa macho kabla ya mwanga. Tik. Ikafuata ile feni. Nilikuwa nimeshika sufuria niliposikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: ukuta ukagongwa, mara tatu.

"Dada, umeamka?" Sauti ya Mwalimu ilipita ukutani.

"Nimeamka, Mwalimu."

Nyuma yangu mlango wa chumba ulilia. Chiriku alikuwa amesimama pale na kiatu kimoja mguuni, akitafuta cha pili kwa macho.

"Basi mwambie yule mjukuu wetu aje tena leo," ukuta ukasema. "Nina karatasi hapa, nataka aniambie ni ya rangi gani."